Shibolethi Katika Jukwaa la Mdahalo



Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, imo habari ambayo mahubiri hayaigusi mara nyingi. Watu wa Gileadi walivishika vivuko vya mto Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliamriwa kutamka neno moja tu: shibolethi. Waefraimu hawakuizoea sauti ya "sh". Ndimi zao zilitoa "s". Hakuna aliyeulizwa ametenda nini wala anakwenda wapi. Matamshi peke yake yalikuwa shahidi, mashtaka na hukumu, na Maandiko yanataja watu 42,000 walioangamia.

Juma hili tunapenda kutafakari juu ya kivuko kidogo zaidi, ambacho watoto wetu wa Kakesio nao husimamishwa: mashindano ya midahalo na ya kutoa hotuba baina ya shule. Hapo hakuna anayeuawa. Lakini hukumu hutolewa, na hukumu inayotolewa juu ya mtoto wa miaka kumi na mitatu hukaa naye muda mrefu. Tunasema wazi tangu mwanzo kwamba namna alama zinavyotolewa na washindani wanavyopangiwa nafasi katika mengi ya mashindano haya si ya haki. Tunasema pia kwamba kasoro hizo zinaweza kuondolewa bila fedha, kwa karatasi, kalamu na utashi wa watu wazima.

Wasomaji wa mbali wafahamu kwanza mahali tunapozungumzia. Kakesio ni kata iliyo upande wa kusini-magharibi wa Hifadhi ya Ngorongoro, ukishapita Endulen na Laetoli, ambako mwaka 1978 ziligunduliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Watoto wengi wa hapa huzaliwa na kulelewa katika Kimaasai. Kiswahili hukutana nacho darasani, na wakifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Kimaasai hakina sauti ya "z" wala "v". Kwa hiyo mtoto anaposimama kutetea hoja kwa Kiswahili, yumo katika lugha yake ya pili. Anaposimama kuitetea kwa Kiingereza, yumo katika ya tatu. Mshindani wake kutoka mjini huenda alianza kusikia lugha hizo mbili kabla hajaota meno.

Tusidhani kwamba watoto hawa wanatoka katika jamii isiyojua kujadiliana. Wamaasai wana neno lao la baraza la majadiliano, enkiguena, na kutokana na shina hilohilo wamemwita msemaji wa rika olaiguenani, yule ambaye sisi kwa Kiswahili twamwita laigwanani. Mtu huyo huheshimiwa kwa busara na kwa uwezo wa kuyapima maneno ya wengine kabla ya kutoa yake. Chini ya mti wa baraza mzee husimama na fimbo yake, husema hadi amalize, kisha humpisha mwenzake. Huo ni mdahalo wenye kanuni, na ni wa zamani kuliko shule yoyote katika wilaya yetu.

Sasa tuitazame karatasi ya alama. Karatasi hizi hutofautiana, lakini tulizowahi kuziona hufanana katika jambo moja: hoja hupewa sehemu ndogo, na sehemu kubwa hugawiwa matamshi, ufasaha wa lugha, kujiamini na mwonekano. Kila kimoja kati ya vipengele hivyo huonekana cha maana kikisimama peke yake. Vikikusanywa pamoja, humhukumu mtoto wa mfugaji mara nne kwa kosa moja, nalo ni kuzaliwa alikozaliwa.

Tuanze na mwonekano. Mwamuzi anapotoa alama kwa viatu vilivyong'arishwa na sare iliyopigwa pasi, anapima mfuko wa mzazi. Aliyekuja na viatu vya matairi hakuvichagua ili kuudharau mdahalo. Ndivyo alivyo navyo, na ndivyo vilivyomfikisha.

Kujiamini nako hupimwa vibaya. Mtoto wa Kimaasai hufundishwa kumsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, ili mkubwa amguse utosini. Adabu hiyo haimwachi mara moja anapopanda jukwaani mbele ya watu wazima waliokaa kwenye viti. Akitazama chini, mwamuzi asiyemjua huandika kwamba ana woga. Mwenzake anayemkodolea mwamuzi macho na kurusha mikono huandikiwa kwamba ana ujasiri. Hakuna kati yao aliyepimwa kama anajua anachokisema.

Ama matamshi, hapo ndipo shibolethi yenyewe ilipo.

Tunajua tutajibiwa nini. Watatuambia kwamba hotuba ni sanaa ya sauti, na kwamba asiyetamka vizuri hawezi kulingana na anayetamka vizuri. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na tunaukubali ukweli huo. Msemaji asiyeeleweka hajatimiza kazi yake. Lakini kueleweka ni jambo moja na lafudhi ni jambo jingine. Mtoto akisema "sawadi" badala ya "zawadi", hakuna mtu ukumbini aliyepotea njia. Mwamuzi amuulize nafsi yake swali hili: Je, nilielewa alichosema? Kama alielewa, matamshi yameshafanya kazi yake, na kalamu iende kwenye hoja.

Wala si sisi tuliolibuni wazo hili. Mashindano ya dunia ya midahalo ya vyuo vikuu yalianza Glasgow mwaka 1981, na yamekwisha kufika Afrika: Stellenbosch mwaka 2003, Gaborone mwaka 2011 na Cape Town mwaka 2019. Huko waamuzi huelekezwa wasimpunguzie msemaji kwa sababu ya lafudhi yake, na wanaotumia Kiingereza kama lugha ya pili au ya kigeni wametengewa hatua zao za mwisho za kuwania ubingwa, juu ya nafasi yao katika ule wa jumla. Katika mashindano ya dunia ya shule za sekondari, ambayo yalianza mwaka 1988, mfumo unaojulikana ni wa alama 100 kwa kila hotuba: 40 za maudhui, 40 za namna ya kuwasilisha na 20 za mkakati, yaani mpangilio wa hoja na uwezo wa kuona kiini cha mgogoro. Tazameni: maudhui na mkakati kwa pamoja huchukua 60. Mtu hawezi kushinda huko kwa sauti tamu peke yake. Kama wakubwa wa dunia wameona lazima kuilinda hoja dhidi ya lafudhi, sisi wenye makabila zaidi ya 120 katika nchi moja tunangoja nini?

Karatasi ikishatengenezwa, bado kuna hesabu, na hapa dhuluma huingia bila mtu yeyote kukusudia. Desturi yetu ni kujumlisha alama za waamuzi wote na kumpa ushindi mwenye jumla kubwa. Inaonekana haki, kwa kuwa namba hazina kabila. Basi tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya maelezo. Waamuzi ni watatu na washindani ni watatu. Mshindani wa kwanza anapata 76, 75 na 60, jumla 211. Wa pili anapata 72, 71 na 90, jumla 233. Wa tatu anapata 70, 69 na 55, jumla 194. Mshindi anatangazwa kuwa wa pili, tena kwa tofauti ya alama 22, na ukumbi unashangilia.

Lakini rudini mkaitazame karatasi. Waamuzi wawili kati ya watatu walimwona mshindani wa kwanza kuwa bora. Mmoja tu ndiye aliyempenda wa pili, na kwa kuwa yeye ana mazoea ya kutoa alama kutoka 55 hadi 90, huku wenzake wakitoa kati ya 69 na 76, kura yake moja imezimeza kura zao mbili. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, kubwa na dogo. Hapa mawe yamo katika mifuko tofauti, lakini mteja ameibiwa vilevile.

Dawa yake ni nyepesi. Kila mwamuzi, baada ya kuwasikiliza wote, aandike nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kinachojumlishwa ni nafasi, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Katika mfano wetu mshindani wa kwanza atakuwa na 1, 1 na 2, jumla 4. Wa pili 2, 2 na 1, jumla 5. Wa tatu 3, 3 na 3, jumla 9. Sasa kila mwamuzi ana uzito mmoja. Alama zenyewe zibaki kwa ajili ya kumweleza mtoto alipofanya vizuri na alipopungukiwa, na kwa kutenganisha waliofungana. Hata katika ule mdahalo wa dunia wa shule tulioutaja, timu hushinda kwa wingi wa waamuzi walioipa ushindi, kila mmoja akiwa ameamua peke yake. Jumla ya alama hutazamwa baadaye.

Njia nyingine hutumika katika mchezo wa kupiga mbizi kwenye Olimpiki: waamuzi wakiwa saba, alama mbili za juu kabisa na mbili za chini kabisa hutupwa, na tatu za katikati ndizo huhesabiwa. Jopo la waamuzi watano katika shule zetu laweza kutupa moja ya juu na moja ya chini. Anayependelea na anayechukia wote wawili hupotezwa nguvu kwa mstari mmoja wa kalamu.

Kuna jambo la tatu, nalo linatugusa kama jamii yenye kupenda ngoma na mashairi. Majirani zetu Wasukuma wana mashindano mashuhuri ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, na kwa desturi mshindi hujulikana kwa kuvuta umati mkubwa zaidi. Kwa ngoma hiyo ni kanuni nzuri; ngoma hutafuta watu, na watu wakija imetimiza lengo lake. Mdahalo hutafuta kitu kingine. Shule mwenyeji yenye wanafunzi mia nne ukumbini itapigiwa makofi kila inapofungua kinywa, na waliokuja kumi kwa lori hawatakuwa na wa kuwashangilia. Mwamuzi anayesikiliza makofi anahesabu wenyeji na wageni, na kazi hiyo hata mlinzi wa geti angeiweza.

Vivyo hivyo tusiuchanganye mdahalo na ngonjera. Marehemu Mathias Mnyampala, Mtanzania aliyeiweka Injili na Zaburi katika utenzi, ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu mkubwa nchini. Katika ngonjera wawili hubishana kwa beti, na mwishoni mmoja hukiri kwamba mwenzake amesema kweli. Mwisho wake umeandikwa kabla ya mwanzo, na ni sawa, kwa kuwa lengo lake ni kufundisha. Mdahalo ambao mshindi wake amejulikana kabla ya kengele ya kwanza, kwa sababu ni shule ya mjumbe fulani, au kwa sababu mgeni rasmi angependa kukabidhi zawadi kwa watu fulani, ni ngonjera iliyovalishwa nguo za mdahalo. Wanaodanganywa ni watoto.

Tusidhani kwamba jambo hilo hutokea vijijini tu. Mwaka 2002, katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Salt Lake City, mwamuzi mmoja wa Ufaransa alisema kwamba alishinikizwa kuipa kura jozi ya Urusi katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu. Ikabidi jozi ya Kanada nayo ipewe medali ya dhahabu, na baada ya hapo mfumo mzima wa kutoa alama katika mchezo huo ukabadilishwa. Waliona aibu, wakarekebisha. Sisi mara nyingi huona aibu, tukanyamaza.

Basi tunapendekeza nini? Tunayaweka mezani mambo saba, ili walimu, wazazi na viongozi wa kata wayajadili.

Kwanza, angalau alama 60 katika 100 ziwe za hoja: ushahidi, mantiki, na kuwajibu wapinzani. Mwonekano ufutwe kabisa. Matamshi yasihesabiwe zaidi ya swali la kueleweka.

Pili, waamuzi wawe watatu au watano, na asiwepo hata mmoja anayetoka katika shule inayoshindana. Ikiwa hawapatikani, mwamuzi akae pembeni shule yake inapopanda.

Tatu, kila mwamuzi aandike peke yake na kutia sahihi kabla ya kuzungumza na mwenzake. Karatasi ikishatiwa sahihi isifutwe.

Nne, ushindi uamuliwe kwa nafasi, kama tulivyoonyesha, na kanuni ya kutenganisha waliofungana isomwe kabla ya mashindano kuanza. Kanuni inayotungwa baada ya sare huwa imeshamjua mtu wake.

Tano, upande wa kutetea na wa kupinga upatikane kwa kura, na timu zibadilishane pande katika mizunguko inayofuata. Mada kama ile ya kwamba maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini humpa mmoja mteremko na mwingine mlima. Mithali, sura ya 18, inatuonya kwamba anayesema wa kwanza huonekana ana haki hadi mwenzake aje kumhoji.

Sita, isiwepo tena desturi ya kumtoa mtu kwa kushindwa mara moja. Shule iliyosafiri siku nzima kwenye vumbi, ikapangwa na bingwa katika mzunguko wa kwanza, hurudi nyumbani kama ya mwisho wakati huenda ilikuwa ya pili kwa ubora. Kila timu isimame angalau mara tatu, kisha nafasi zipangwe kwa idadi ya ushindi.

Saba, matokeo yabandikwe ukutani, karatasi zote, na kila mtoto aelezwe kwa dakika mbili kwa nini alipata alichopata. Mwamuzi anayejua kwamba atalazimika kumweleza mtoto uso kwa uso huandika kwa uangalifu zaidi.

Wapo watakaosema kwamba tunawatafutia watoto wa wafugaji alama za huruma. Tunalikataa neno hilo kwa nguvu zetu zote. Walawi, sura ya 19, inakataza kumpendelea maskini katika hukumu, kama vile inavyokataza kumstahi mwenye nguvu. Mtoto wa Kakesio akileta hoja dhaifu, ashindwe, tena aambiwe kwa nini. Tunachokidai ni kwamba ashindwe kwa hoja.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mashindano ya watoto tu, zawadi yenyewe ni daftari na kalamu, hivyo kelele za nini? Tunawaomba watazame tunakoishi. Tangu mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni, na habari za ardhi yetu zimezungumzwa mahakamani, katika tume na kwenye mikutano mikubwa. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote juu ya jambo hilo, na tafakari hii haikuandikwa ili kuliamua. Lakini yeyote mwenye macho anaona kwamba watu wa hapa watahitaji kizazi kinachojua kusimama, kupanga hoja, kusikiliza upande wa pili na kuujibu bila matusi. Kizazi hicho kinafunzwa sasa, darasani na kwenye jukwaa la mdahalo. Mtoto aliyeambiwa kwa alama, mwaka baada ya mwaka, kwamba kasoro yake ni ulimi wake, atajifunza kunyamaza. Atakapokuwa mtu mzima, wengine watamsemea, naye atasikia mambo yake yakiamuliwa kwa lugha safi na viatu vinavyong'aa.

Na yule mtoto aliyeshinda isivyo haki tusimsahau, kwa kuwa naye ametendewa vibaya. Amefundishwa kwamba sauti nzuri huziba pengo la ukweli. Akipata madaraka siku moja, tutakula matunda ya somo hilo sote.

Muhula mpya unapoanza, karatasi za alama zitachapishwa tena. Tunawaomba walimu wakuu, waratibu elimu wa kata na wazazi waliomo katika kamati za shule waziombe karatasi hizo wazione kabla ya siku ya mashindano, siyo baada yake. Wasome kila kipengele na kujiuliza: hiki kinapima hoja ya mtoto, au kinamtaka aseme shibolethi? Kile kinachotaka shibolethi, wakifute.

Mungu awabariki nyote, na awape watoto wetu waamuzi wenye masikio.